Walichosema Wanafunzi Wako

Dada Sharifa,

Leo Mkuu wa shule amekubali. Nilipotoka ofisini kwake nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwako kule uani, nikainua mkono kubisha, ndipo nikakumbuka kwamba chumba kile sasa anakaa mwalimu mpya wa Hisabati, kijana mpole ambaye asingejua anijibu nini. Nikageuka. Nimerudi shuleni na nimeketi kwenye meza yako katika ofisi ya walimu. Ni alasiri, wanafunzi wameshaondoka, na hakuna mtu ninayetaka aipate habari hii kabla yako. Basi nakuandikia.

Kidato cha tatu wataendelea na insha zao. Zile ulizozianzisha wewe. Hazifutwi.

Niache nisimulie tangu mwanzo, ingawa mwanzo unaujua kuliko mimi. Nikiurukia mwisho nitalia, na karatasi hii italowa kabla sijasema lolote la maana.

Nilifika hapa kijijini Ziwani na begi moja, godoro lililofungwa kamba nyuma ya pikipiki, na woga mwingi. Nimezaliwa Magomeni, Mtwara mjini, na sikuwahi kulala mahali ambapo ukifungua dirisha unaona mikorosho tu. Walimu wengine waliniuliza nimesoma chuo gani. Wewe uliniuliza kama nimekula. Ukaniwekea sahani ya ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, ukakaa kunitazama ninavyoimenya, ukacheka kwa sababu mtoto wa mjini niliishika ile mizizi ya porini kama vile itaning'ata. Nikakuita Madam, kama tunavyoitana shuleni. Ukasema, "Madam iache kule kule shuleni. Hapa niite dada."

Sikuwahi kukushukuru kwa neno lile. Nilidhani nina miaka mingi ya kukushukuru.

Tuliishi ua mmoja, tukapika jiko moja, tukasahihisha madaftari kwenye mkeka mmoja. Nakumbuka Jumamosi ile uliyokuwa unasahihisha insha za kidato cha tatu, kichwa chake "Siku Nisiyoisahau". Ulisoma ya kwanza: basi lilipinduka. Ya pili: basi lilipinduka. Ulipofika ya tano au ya sita ukaanza kucheka mpaka ukavua miwani, ukaniambia, "Rukia, hawa watoto wana mabasi mangapi?" Tulicheka wote. Watoto wale wengi wao hawajawahi kupanda basi la kwenda mbali. Walikuwa wameipokea ajali ile kwa kaka zao, na kaka zao waliipokea kwa waliowatangulia, pamoja na dereva mlevi na mama aliyekuwa akipiga mayowe.

Ukaweka kalamu chini, ukasema maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi tangu uondoke: "Mtoto hana la kusema kwa sababu hatujamuuliza lolote."

Haukupita muda mrefu ikaja asubuhi ile ya salfa. Ilikuwa Mei, mikorosho imeanza kutoa maua, na wakulima wako mashambani alfajiri na pampu zao mgongoni, wakipuliza dawa hiyo ya unga wakati majani bado yana umande ili unga ushike. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma darasani kwako, kwa kuwa ulinitaka nije nikuone unavyofundisha, ili nami niwe na la kukuuliza. Upepo ukageuka. Ule unga wa njano ukaingia kupitia nyavu za madirisha, ukatanda juu ya madawati. Watoto wakaanza kukohoa. Wengine wakajifuta macho kwa mikono ya mashati. Kila mwaka ilikuwa hivyo, mliniambia, na kila mwaka mlikuwa mnangoja upite kisha mnaendelea na somo.

Wewe hukuendelea. Ulikuwa umeandika ubaoni kichwa cha insha, "Umuhimu wa Misitu", nadhani. Ukakifuta. Ukaandika: "Dawa ya mikorosho inaingia darasani. Tufanye nini?" Ukaweka chaki chini, ukarudi nyuma hatua chache, ukakunja mikono.

Walikuwa wanangoja ujibu. Hukujibu. Mimi mwenyewe nyuma kule nilianza kuhangaika kwa niaba yako, maana darasa likikaa kimya namna ile mwalimu mgeni kama mimi huona amekwama. Hashimu, yule anayeongoza kila mtihani, akanyoosha kidole akauliza insha hiyo iwe na aya ngapi. Ukamwambia hujui bado. Nilimwona usoni alivyochanganyikiwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kumwambia Hashimu kwamba hajui.

Ndipo ukawauliza taratibu. Tunajua nini kuhusu jambo hili? Nini hatukijui? Nani anakijua, na tutamwendea vipi? Ukagawa makundi. Wakaanza kusema, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Katikati ya kelele zile Anifa akasema kwa sauti ndogo kwamba mikorosho ile iliyo karibu na madarasa ni ya baba yake. Vichwa vyote vikamgeukia. Hukumtetea wala hukubadilisha mada. Ulimwambia tu kwamba basi kazi yake ni ngumu kuliko ya wengine wote, na atakuwa na mengi ya kuandika.

Nilikuwa na mashaka, dada, na ulijua. Jioni tukipika nilikuuliza sarufi itafundishwa lini, na kama mtihani wa taifa utawauliza habari za salfa. Hukukasirika. Ulisema maswali yangu ni mazuri na huna majibu yake yote. Nilikuheshimu zaidi kwa jibu lile kuliko kama ungenishinda kwa hoja.

Wiki ile shule ilibadilika sura. Watoto walikwenda zahanati kumuuliza nesi. Walikwenda kwa bwana shamba. Walikwenda kwa vijana wanaokodiwa kupuliza dawa. Walirudi na habari zinazogongana, wakabishana, wakaandika, wakafuta. Wenyewe ndio walioupa mtindo ule jina: insha za tatizo. "Madam, leo tuna insha ya tatizo?" Neno likaenea shule nzima.

Na Rozalina. Siwezi kukuandikia bila kumtaja. Babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na nyumbani kwao hadi leo ni Kimakonde tu. Kiswahili kwake ni lugha ya shuleni, na wenzake walikuwa wakimcheka anavyotamka, basi insha zake zote zilikuwa nusu ukurasa. Anaandika, anasita, anaacha. Ulimwambia aende akaulize kwa Kimakonde, asikilize kwa Kimakonde, kisha aje tuitafute pamoja njia ya kuivusha habari hiyo. Kaka yake ni mmoja wa wale vijana wa pampu. Rozalina alirudi na kurasa tatu. Aliandika jinsi kaka yake akirudi nyumbani anavyonawa uso, na maji yanayobaki kwenye beseni yanakuwa ya njano, na mama yao huyamwaga mbali ili kuku wasiyanywe. Aliandika kwamba kaka yake hutazama chini anapoongea, watu wakadhani ni aibu, kumbe macho yanamuuma akitazama mwanga. Sarufi ilikuwa na makosa kila mstari. Uliisoma umesimama mlangoni, ukatoka nje ukakaa huko muda. Uliporudi ukaniambia niisome.

Kila mwanafunzi aliandika barua yake kwa wakulima, kisha darasa likachagua moja ya kupeleka. Wakaichagua ya Anifa.

Kesho yake, kabla haijapelekwa, baba yake akaja. Unakumbuka alivyosimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu bila hata kusalimia, mtu ambaye siku zote husalimia mpaka watoto wadogo. Akasema, "Mnamfundisha mwanangu kunishitaki?"

Wewe ulisimama, ukamwamkia, ukamvutia kiti. Ukamuuliza kama ameisoma barua yenyewe au amesimuliwa. Alikuwa amesimuliwa. Ukaomba Anifa aitwe aje aisome kwa kinywa chake, na mtoto yule akaja akasimama mbele ya baba yake, karatasi mkononi. Alianza kwa kumshukuru, kwamba mikorosho ile ndiyo iliyomsomesha yeye na ndugu zake. Akaeleza darasa linavyokuwa upepo ukigeuka. Kisha akauliza: umande hukauka saa ngapi? Ni lazima mistari iliyo karibu na shule ipulizwe siku ambazo sisi tupo? Kuna njia ambayo baba zetu wanaijua na sisi hatuijui?

Alipomaliza ukasema, "Hajakushitaki, baba. Amekuuliza."

Aliitazama ile karatasi mkononi mwa binti yake. Alipojibu hakukujibu wewe, alimjibu Anifa. Alimweleza habari za umande na upepo kama anavyomweleza mkulima mwenzake, akasema umande hawezi kuusogeza, ila mistari ile ya karibu anaweza kuipuliza Jumamosi na Jumapili, na ikiwezekana kungoja likizo ya Juni atangoja. Majirani zake atazungumza nao mwenyewe. Alipoondoka aliiomba ile barua, akaikunja akaitia mfuko wa shati.

Jirani mmoja alikataa, unajua. Mpaka msimu unaisha alipuliza siku anayotaka. Nilidhani hilo litawavunja moyo watoto, lakini ulirudi darasani ukaandika ubaoni: "Mmoja amekataa. Sasa je?" Insha walizoandika hapo zilizidi kwa uzuri zile za mwanzo zote. Kuna walioandika kumlaani, kuna walioandika kumtetea, na kuna mmoja aliyeandika kwamba huenda mzee yule hakuwahi kuulizwa jambo na mtoto katika maisha yake yote na hajui afanye nini nalo.

Kisha matokeo ya muhula yakatoka, na sehemu ya sarufi kidato cha tatu walikuwa wameshuka. Mwalimu wa taaluma akasema mada zimebaki nyuma. Wazazi kadhaa wakalalamika kwamba watoto wanazurura kijijini wakihoji watu wazima wakati wamepelekwa shule kukaa darasani. Mkuu akakuita, akakwambia usimamishe mpaka mwakani. Si mtu mbaya, wewe mwenyewe ulisema. Ana shule nzima ya kuibeba. Ulimwomba akupe muhula mmoja zaidi, akasema atafikiri.

Nawe ukaanza kuvimba miguu. Ulisema ni viatu. Nikakununulia ndala za wazi, ukavimba ndani ya ndala. Hatimaye ukakubali twende hospitali mjini, wakasema ni figo, na hukurudi tena Ziwani.

Nilikuwa nakuja kila nilipopata nafasi. Nilidhani utataka habari za nyumbani, uniulize kuku wako na maua yako ya kwenye makopo. Uliniuliza Rozalina ameandika nini. Uliniuliza kama Hashimu bado anahesabu aya. Siku ile ya mwisho tuliyoongea, sauti yako ilikuwa imebaki kidogo, nikakuambia Mkuu bado hajaamua lakini mambo hayaelekei kuzuri. Ukasema, "Wasiamue bila kuwauliza watoto. Waulize wenyewe, Rukia. Hata kama watasema hawataki, waulize." Kisha ukaniomba soksi, miguu ilikuwa baridi. Nikakuvisha. Hilo ndilo jambo la mwisho nililokufanyia, na nimekuwa nikimshukuru Mungu kwamba nilikuwepo kulifanya.

Jumatatu kaka yako akanipigia simu.

Tulikuzika kwenu Msimbati. Nilikuwa ndani na wanawake, nikazisikia nyayo za wanaume zikiondoka nawe, na dua ikipungua kadiri wanavyokwenda. Baadaye nilipotoka uani nikawakuta wanafunzi wako. Walikuja kwa gari la mizigo wamesimama nyuma, wasichana wamejitanda kanga, na aliyewaleta ni baba yake Anifa. Alishatoka makaburini, amekaa mkekani na wanaume wa kwenu kana kwamba ni msiba wa nduguye. Aliponiona aliniambia tu kwamba ulimpa kiti siku aliyokuja na hasira.

Darasa lako nikapewa mimi.

Sitakuficha, siku za kwanza nilifundisha kwa kitabu kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kufanya lingine. Watoto walinionea huruma, wakaandika nilichowaambia. Mkuu akaniita akasema kwa upole kwamba sasa turudi kwenye utaratibu, turudishe sarufi, na hilo la insha za tatizo tuliache lipumzike. Nilikuwa nimeinuka kuondoka. Sijui nguvu niliipata wapi, nikarudi nikakaa. Nikamwomba kipindi kimoja tu, yeye akiwepo, wanafunzi waseme walivyouona mtindo ule. Nikamwambia kwamba wakisema ulikuwa mbaya nitauacha bila kununa. Alinitazama, akauliza kama hilo ni wazo langu. Nikasema ni lako, dada. Akakubali.

Alikuja akakaa dawati la nyuma, pale pale nilipokuwa nakaa mimi. Nikawaambia watoto kwamba sitaki sifa, wala sitaki mtu aseme jambo ili kumfurahisha marehemu. Nikawapa muda waandike kwanza, kisha wakaanza kusema.

Wa kwanza alikuwa Hashimu. Alisimama akasema, "Mimi sikuupenda, Madam." Nikamwambia aendelee. Akasema kwenye kundi lake yeye ndiye aliyeandika, wengine waliweka majina. Akasema siku ya kwanza alijisikia amepotea, na hajawahi kupotea darasani, na hakuna aliyemwambia kwamba kupotea kule ni sehemu ya kazi. Akasema anataka kufaulu, na hataki mtu amwone mbaya kwa kutaka kufaulu. Mkuu alikuwa anaandika. Kisha Hashimu akasema kwamba hata hivyo, insha ile ya mzee aliyekataa ilimfuata njiani. Alikuwa akitembea kwenda nyumbani anabishana na nafsi yake, anabadilisha upande, anarudi. Insha nyingine yoyote aliyowahi kuandika ilikuwa inaishia pale anapofunga daftari. Akaketi.

Msichana mmoja akasema alipenda kutoka kwenda kuuliza, lakini alipofika kwa wazee ulimi ulikauka, maana nyumbani amelelewa asiwahoji wakubwa, na sisi walimu tulimtuma bila kumfundisha mtoto anaanzaje kumuuliza mtu mzima pasipo kumvunjia heshima. Dada, hilo mimi na wewe halikutupitia akilini. Wewe ulikuwa nalo la kuzaliwa, mimi nilikuwa nakuiga. Mwingine akasema insha ya kitabu anajua imekwisha lini, ya tatizo hajui, na kutojua huko kunamchosha. Wengine wakasema walifurahi tu kutoka nje ya darasa, na tukacheka. Nilishukuru kwamba hawakudanganya.

Rozalina alisimama bila kuitwa. Hilo peke yake ungeliona lingekutosha. Akasema zamani alikuwa anatafuta maneno kwanza, anayakosa, na ukurasa unabaki mweupe. Sasa anakuwa na jambo kwanza, ndipo anayatafutia maneno, na hata maneno yakiwa mabovu jambo lipo. Akamgeukia mvulana mmoja ambaye siku zote humcheka, akasema bila hasira yoyote, "Mkicheka Kiswahili changu, habari bado ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Yule mvulana akainamisha kichwa.

Anifa alisema mwisho, na alisema machache. Barua ile ilimgharimu. Baba yake alikaa kimya naye siku kadhaa hata baada ya kukubali, na mama alikuwa na wasiwasi, na yeye alitamani angeandika kuhusu ajali ya basi kama wengine wa miaka yote. "Lakini sasa tunaongea," alisema. "Zamani alikuwa ananituma tu."

Mkuu alifunga daftari lake, akauliza kama wangependa kuendelea. Si mikono yote iliyonyooshwa, wala sitakuambia ilikuwa yote. Mingi. Wa Hashimu ulikuwa nusu, akaulizwa vipi, akasema ananyoosha kwa masharti. Darasa zima likacheka, na Mkuu naye akacheka, na nadhani hapo ndipo jambo lilipogeuka, ingawa alichukua muda wake mpaka leo kunijibu.

Jibu lake ni kwamba tunaendelea, ila si vilevile. Makundi yatatafuta pamoja, kisha kila mtoto ataandika ya kwake peke yake. Sarufi itakuwa na siku yake kila wiki, na makosa nitayachukua kutoka kwenye insha zao wenyewe. Kabla ya kuwatuma kwa watu wazima tutafanya mazoezi darasani ya kusalimu, kuomba nafasi na kuuliza. Na wazazi, Mkuu amesema atazungumza nao yeye mwenyewe kwenye kikao. Mengi ya haya wameyasema watoto, dada. Mimi na yeye tumeyapanga tu. Nimewaza kwamba kama ungekuwepo usingeona kama mtindo wako umepunguzwa. Ungechukua kalamu uandike lile la kuuliza wazee.

Tatizo jipya wameshalichagua. Msimu wa kuokota korosho umeingia, na madawati yanabaki matupu kwa sababu watoto wanahitajika mashambani. Jana waliandika ubaoni wenyewe: "Wenzetu hawaji shule wakati wa korosho. Tufanye nini?" Sijui jibu lake. Nimejikuta nalifikiria nikifua.

Nilikwenda Msimbati kwenye arobaini yako. Mama yako amekonda, lakini anacheka bado, kicheko chako kile kile cha kuvua miwani, ila yeye hana miwani ya kuvua. Aliniuliza ulikuwa ukifundisha nini hasa, maana kila ulipokuja likizo ulikuwa unasimulia wanafunzi na hukuwahi kueleza somo. Nikamweleza. Akasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza maswali mpaka bibi yako anakutuma maji kisimani ili apumzike, na ukirudi na ndoo kichwani unaanza pale pale ulipoachia. Akanishika mkono, akaniita mwanangu wa Magomeni, akasema ndivyo ulivyokuwa ukinitaja. Sikuwa nalijua hilo. Nimerudi nalo Ziwani na nimelishika kama mtu aliyepewa kitu cha thamani barabarani.

Nakushukuru kwa sahani ya kwanza na kwa dawati la nyuma. Nakushukuru kwa kunionyesha kwamba mwalimu anaweza kusema hajui na paa lisianguke. Kuna asubuhi naingia darasani nakukumbuka, nageukia ubaoni nijifanye natafuta chaki. Watoto wanajua. Wananingoja, kisha tunaanza.

Juma lijalo walimu wa Kiswahili wa shule jirani watakuja kuona tunavyofanya. Nimeombwa nieleze. Nitasimama niseme kwamba kazi hii aliianzisha Mwalimu Sharifa, na mimi nimeikuta, ndipo niseme lingine lolote. Nitawasomea pia maneno ya Hashimu, yote, pamoja na yale makali.

Na wewe nakuahidi jambo moja. Kwa muda wote nitakaofundisha, sitampa mwanafunzi kichwa cha insha ambacho mimi mwenyewe sina hamu ya kusoma atakachojibu. Nikiona hamu hiyo imeniisha, nitaomba nifundishe kitu kingine.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa ukarimu ule uliotupokea nao sisi. Lala salama, dada yangu. Kengele ya asubuhi ikilia nitakuwa darasani kwako.

Mdogo wako,
Rukia